Gobnait Aliyempa Mwanawe Mgongo

Huku Coomlahan hatuingii nyumba ya mtu kimya. Ukivuka kizingiti unasema, "Mungu aibariki nyumba hii." Ukikuta watu wanasuka maziwa, unashika mpini wa pipa na kusuka nao kidogo, usije ukaambiwa umeondoka na siagi yao. Ukimtazama ndama, unambariki. Ukimtazama mtoto, unambariki kabla hujavuta pumzi ya pili. Sifa isiyo na baraka ni mlango ulioachwa wazi, na kila mtu huku anajua nani hupenda kuingia kwenye milango ya namna hiyo. Hao wasioonekana hatuwataji kwa jina. Tunasema "wale wenyewe", tena kwa heshima, maana hujui nani yuko karibu anasikiliza.

Gobnait Lucey aliyajua haya kabla ya kujua kusoma. Alizaliwa upande wa pili wa mlima, akaolewa na Jeremiah Lucey, ambaye sote tunamwita Jer, akahamia katika nyumba inayopakana na yetu kwa ukuta wa mawe. Mama mkwe wake, Bibi Nonie, alikuwa ameilinda nyumba ile tangu ujana wake. Nyuma ya mlango kulikuwa na kiatu cha farasi. Maji machafu hayakumwagwa nje jioni bila kupiga ukelele kwanza, ili anayepita apishe. Maua meupe ya mti wa miiba hayakuingizwa ndani hata na mtoto. Na juu ya shamba lao kuna boma la kale, la wale wenyewe, duara la udongo lililoota miti hiyo hiyo. Jer akilima, jembe lake hulizunguka kwa mbali, ingawa pale ndipo penye udongo mzuri kuliko kote.

Pamoja na ulinzi huo wote, Gobnait alizika watoto wawili. Wa kwanza, mvulana, hakumaliza majira yake ya kwanza ya baridi. Wa pili, msichana, alikohoa wiki moja akanyamaza. Ndipo akazaliwa Fineen.

Huyu walimficha waziwazi. Koleo la moto lililazwa juu ya susu yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu wale wenyewe hawapendi chuma. Alipoanza kutembea alivishwa sketi kama msichana, jinsi wavulana wetu walivyovishwa zamani, maana wanaopendwa kuchukuliwa ni wa kiume. Wakichungulia wakaona sketi, wanaendelea na safari yao. Gobnait alimwita "kijibaya changu". Usiku alisikiliza kama anapumua. Mchana alisikiliza pia.

Kisha ikafika zamu yao ya misa. Padri wetu huzunguka vijijini, na kila mara nyumba moja hupokea misa na majirani wote. Jer alipaka chokaa kila kilichosimama, hadi banda la nguruwe. Gobnait aliisugua meza kwa mchanga mpaka ikawa nyeupe kama mfupa. Alitaka kukiondoa kile kiatu cha farasi kwa kumwonea haya padri, lakini Bibi Nonie akamzuia.

"Kiache. Padri ana zake na mlango una zake."

Misa ikasomwa juu ya meza ile, kisha watu wakakaa kunywa chai. Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Padri alipewa mayai na mkate wa kununua, wengine wakapata walichopata. Fineen, aliyekuwa ameanza mwaka wake wa nne, alikuwa ameogeshwa, na nywele zake nyekundu zilikuwa zimechanwa kwa maji. Alipita katikati ya miguu ya watu akiwa na kipande cha mkate, na kila aliyempita alikuwa na neno la kumwambia. Mimi pia nilikuwapo. Kelele zilikuwa nyingi, na sikusikia nani alisema nini.

Siku chache baadaye mtoto alikataa maziwa. Shingo ilivimba, na sauti yake ikawa kama ya kinda la kunguru. Jer alipanda baiskeli kwenda mjini kumwita daktari, akaambiwa yuko mbali kwenye uzazi mgumu, atakuja akimaliza. Akabaki huko huko kumngojea.

Bibi Nonie alimwangalia mjukuu wake akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Huyu ametazamwa," alisema.

"Na nani, mama?" Gobnait aliuliza.

"Na mtu aliyekula mkate wetu. Amemsifu akameza baraka."

Dawa yake tunaijua sote. Unatafuta kipande cha nguo ya yule aliyemtazama, unakichoma katika kikaango cha chuma, na mtoto anapitishwa juu ya moshi. Kama nguo ndiyo yenyewe, mtoto atapiga chafya, na kitu kitamwachia. Taabu iko kwenye kuomba. Kumwomba mtu kipande cha nguo yake ni kumwambia: wewe ndiye. Ziko nyumba hapa ambazo hazijasalimiana tangu enzi za babu zao kwa sababu ya uzi wa shali.

"Nitaenda kwa wote," Gobnait alisema.

"Watakuchukia."

"Wanichukie."

Akachukua mkasi, akauficha chini ya shali, akatoka asubuhi ile ile.

Alianza kwetu, na sisi tulimpa bila maneno. Akavuka kijito kwenda kwa Humphrey Dineen, kapera wa makamo, ambaye hakuna msiba uliowahi kumfunga mdomo. Humphrey alikuwa akipigilia misumari lango la zizi.

"Humphrey, siku ya misa ulimtazama mtoto wangu?"

"Nilitazama mayai ya padri, mama. Yale ndiyo niliyoyatamani." Akacheka, kisha akauona uso wake. "Kuna nini?"

"Hapumui sawasawa."

Humphrey akaweka nyundo chini. "Umekuja na mkasi?"

Gobnait aliutoa chini ya shali.

"Basi kata, usione haya. Kata hapa nyuma ya suruali. Siku nzima ile nilikuwa nimekaa, na kama nilimdhuru mtoto basi nilimdhuru kwa hapo."

Gobnait alijaribu kukata pindo la koti lake, lakini mkasi ukauma hewa. Humphrey akauchukua, akajikatia mwenyewe kipande kikubwa kama kiganja.

"Chukua kikubwa," alisema. Hakuwa akicheka tena. "Kisije kikapungua."

Alipita nyumba baada ya nyumba. Wengine walimpa, wengine walimfungia mlango, naye akanyofoa walichoanika kwenye ua. Mwisho alifika njia panda, kwenye duka la Mama Cotter. Mama huyu alikuja kwenye misa na koti la kijani lenye manyoya shingoni, la kutoka mjini, na hakuna aliyeondoka bila kulijua.

"Karibu, Gobnait. Sukari au majani ya chai?"

"Sijaja kununua. Mama Cotter, siku ile ulimshika Fineen kidevu. Ulisemaje?"

"Nilisema ana nywele nzuri. Ni dhambi?"

"Ulimbariki?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua nyuzi waliacha kuchagua.

"Unaniita nani mimi, mbele ya wateja wangu? Mimi ninayefua vitambaa vya altare?"

"Sikuiti kitu. Naomba uzi wa koti lako tu."

"Koti langu! Nenda kamwambie huyo mkwe wako, zama zake zimekwisha. Mtoto akiumwa anapelekwa kwa daktari, hapelekwi kwenye matambara."

Koti lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya kaunta. Gobnait, ambaye hakuwahi kuinua sauti dukani mle hata alipopunjwa, alizunguka kaunta, akaishika kola, akakata. Manyoya yalianguka sakafuni.

"Mwizi! Jamani, mnaona? Mwizi!"

"Niite utakavyo," Gobnait alisema. "Mwanangu akipona nitakuja kukushonea."

Alirudi nyumbani saa za mchana akiwa na aproni iliyojaa vipande. Bibi Nonie alikwisha weka kikaango. Walichoma kimoja kimoja, na Gobnait akampitisha mtoto juu ya moshi. Macho ya Fineen yalitoka machozi, akakohoa, kichwa kikalegea begani. Hakupiga chafya. Walichoma cha Humphrey, walichoma cha kwetu, walichoma manyoya ya Mama Cotter yaliyonuka kama kuku aliyeungua. Hakuna.

"Bado mtu," Bibi Nonie alisema. "Hujaenda kwa nani?"

"Kwa Minnie tu."

Minnie Kelleher alikuwa rafiki yake. Ndiye aliyemvika shela siku ya harusi, na ndiye aliyewaosha wale watoto wawili kabla ya kuzikwa. Gobnait alimwacha wa mwisho kwa sababu aliogopa kumpata na hatia, na sasa alienda akiomba kwa Mungu ampate nayo.

Alimkuta ghalani akikata viazi vya mbegu, kila kipande na jicho lake. Minnie alipoona mkasi alisimama, akafungua aproni, akamnyoshea.

"Chukua yote. Lakini utachoma bure, mwenzangu."

"Kwa nini bure?"

"Usiniulize."

"Minnie, mtoto anakufa."

Minnie aliketi tena juu ya gunia. "Tulikuwa tumesimama pamoja penye kabati la sahani, mimi na wewe. Yeye alikuwa mlangoni, jua liko nyuma yake, nywele zinawaka. Mtu akasema, 'Tazama, parokia nzima haina mtoto kama huyu.' Nikangoja amalizie. Padri akaita chumvi ya yai, naye akakimbia kuipeleka. Hakumalizia."

"Nani?"

Minnie alishika kisu akakiweka chini.

"Nani, Minnie?"

"Nilimbariki mimi badala yako. Mama yangu alikuwa akisema haifai, baraka hutoka mdomo ule ule uliosifu. Lakini nilisema. Naapa nilisema, Gobnait."

Gobnait alirudi mbio, akaanguka kwenye ukuta wa mawe, na tulimwona akiinuka bila kujipangusa. Aliingia moja kwa moja penye kikaango. Alishika upindo wa sketi yake nyekundu ya sufu, ile aliyoivaa siku ya misa, akakata. Kipande kikaanguka kwenye kikaango. Alimshika mtoto kwa mikono iliyonyoshwa, uso wake mwenyewe ameugeuzia ukutani, akampitisha juu ya moshi.

Fineen alipiga chafya.

Bibi Nonie alikitazama kitambaa kikijikunja, kisha akaitazama sketi yenye pengo.

"Tema mate," alisema kwa sauti ndogo. "Mtemee na umbariki. Haraka."

Akamtemea, akambariki mara nyingi kuliko zinazotakiwa, huku meno yakigongana.

Daktari alifika jioni ile, mwenye haraka na matope mpaka magotini. Alisema ni dondakoo. Alimchoma mtoto sindano, akafungua dirisha kwa hasira, akauliza ni nani alikuwa akichoma kuku ndani ya nyumba ya mgonjwa. Kesho yake Fineen alimeza maziwa. Keshokutwa aliomba mkate. Jer alipeleka bata mzinga kwa daktari. Bibi Nonie hakumzuia, ila alisema, "Sindano ilikuta kazi imekwisha."

Gobnait alimshonea Mama Cotter koti lake, na Mama Cotter alilipokea bila kumkaribisha kiti. Hilo halikumuumiza. Kilichomkosesha usingizi ni jambo lingine, na alimpelekea mkwe wake siku walipokuwa peke yao wakisuka maziwa.

"Mama, kama ni mimi kwa huyu, je, na wale wawili?"

Bibi Nonie hakuacha kusuka. "Siwezi kujua."

"Niliwasifu. Yule wa kike nilikuwa nikimwimbia sifa kila siku."

"Nimesema siwezi kujua, mwanangu." Mpini ulipanda ukashuka. "Jicho la jirani hupiga likipita njia. Lako linalala humu humu."

"Nifanye nini?"

"Mlishe. Mvishe. Mwombee. Lakini usimtazame kwa kumfurahia. Ukisikia moyo unajaa, geuka."

Gobnait akageuka. Hivyo ndivyo alivyoishi kuanzia pale, na ndiyo sababu wageni walimwona mama mkavu. Alimchana nywele akiwa nyuma yake. Alimwekea sahani mezani akaenda kusimama motoni. Alipomfumia sweta hakumpima, alipima shati lake kuukuu. Viatu vyake alivijua, vifungo vyake alivijua, matobo ya soksi zake aliyaziba kabla mwenyewe hajayaona. Akicheka uani, mama huyo alikimbilia banda la ng'ombe akatia paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe mpaka kicheko kiishe.

Jer aliona, naye si mtu wa maneno mengi.

"Mke wangu, mtoto anadhani humpendi."

"Afadhali adhani hivyo akiwa hai."

"Daktari alisema ni ugonjwa. Ugonjwa huo uliingia nyumba nyingi mwaka ule."

"Daktari hakuwapo penye kabati la sahani."

Siku Fineen alipovuliwa sketi akavishwa suruali ya kwendea shule, alikuja kusimama mbele ya mama yake, mikono mifukoni, akingoja. Gobnait akainama kuchochea moto wa mboji, ule udongo mkavu tunaouchoma badala ya kuni, ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mtoto alingoja, kisha akaenda kwa bibi yake, na bibi akamweleza yote, bila kupunguza, maana Bibi Nonie hakujua kumweleza mtoto nusu.

Ningependa kusema kwamba mtoto alilia. Hakulia. Kuanzia siku ile, kila alipofika mlangoni alikohoa kwanza, ili mama yake apate nafasi ya kugeuka. Alifanya hivyo mpaka sauti yake ikawa nzito. Ukiwa mgeni pale jikoni ungesikia kikohozi nje, ukamwona mwanamke akiupa mlango mgongo, ndipo mtoto akaingia, akasema, "Nimekuja, Mama," naye akajibu, "Chakula kiko mezani." Niliwahi kukisikia kikohozi kile nikiwa na kikombe mkononi, nikakiweka mezani.

Mwaka mmoja, tukikata viazi vya mbegu, nilimwuliza Gobnait kama hafikirii kwamba huenda ilikuwa dondakoo tu, basi.

"Huenda," alisema. "Nimezika wawili, jirani. Unataka nijaribu kwa wa tatu?"

Nikachukua kiazi kingine.

Bibi Nonie alifariki. Fineen akawa kijana, na ikawa bahati mbaya ya mama yake kwamba alikuwa mzuri wa kutazamwa, na hodari katika ule mpira wetu wa magongo, ambao wanaume wa huku huupenda kuliko mbingu. Alipochaguliwa kuchezea parokia, Gobnait hakwenda hata mechi moja. Alibaki nyumbani na tasbihi. Lakini wiki ya mchezo wa mwisho, dhidi ya parokia jirani, alileta maziwa mwenyewe kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kwa sababu Jer alikuwa anaumwa mgongo, akawasikia wanaume waliopanga foleni na mikokoteni yao. Mmoja alisema, "Parokia nzima haina kama yule kijana wa Lucey." Wengine wakaitikia. Hakuna aliyebariki. Vijana wa siku hizi wamesahau.

Alikuja dirishani kwangu, ambako mimi huandika uzito wa maziwa, uso umekuwa kama jibini.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Maneno yale yale. Na Jumapili watakuwa mia ngapi? Nani atabariki nyuma ya midomo yote ile?"

"Gobnait, ni mchezo tu."

"Utanisindikiza," alisema. Halikuwa swali.

Uwanja wetu uko kando ya makaburi. Watu walijaa mpaka juu ya mikokoteni. Gobnait alipita katikati yao ameinamisha kichwa, akachagua mahali penye kamba, akasimama na mgongo wake uwanjani, uso ukutani kwa makaburi. Watu walimcheka.

"Gobnait," Humphrey Dineen aliita, mzee sasa, kofia imemfunika masikio, "uwanja uko huku, mama."

"Najua uliko."

"Basi unakosa. Mwanao anacheza kama…"

"Humphrey!"

"Mungu ambariki! Mungu ambariki, na anihurumie na mimi, nimekatwa koti moja tayari kwa ajili yake."

Kila umati ulipopiga kelele, "Lucey! Lucey!", nilimsikia akifuata nyuma yao, upesi na chini chini, "Mungu ambariki, Mungu ambariki," kama mtu anayekimbia kufunga madirisha mvua ikiwa imekwisha anza. Mikono yake ilikamata kamba nyuma yake. Hakugeuka hata mara moja. Aliniuliza mimi.

"Amefunga viatu?"

"Amefunga."

"Yuko wapi?"

"Katikati. Amepata mpira. Anakimbia nao juu ya gongo."

Umati ukalipuka. Alianza kubariki, na kabla hajamaliza, kelele zikakatika. Si kupungua, kukatika. Nimesikia ukimya wa namna ile kwenye mazishi tu, jeneza linaposhushwa.

Magongo mawili yalikuwa yamepanda pamoja, na moja likamkuta kichwani. Fineen alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi. Refa alikuwa akikimbia.

"Kuna nini?" Gobnait aliuliza ukuta.

Nilijinyosha nione juu ya vichwa.

"Jirani, kuna nini? Kwa nini hawasemi?"

"Ameanguka. Sasa hivi atasimama."

"Amesimama?"

"Bado."

"Amesimama?"

Nilikawia. Nikaona vidole vyake vikiachia kamba. Aligeuka. Alitazama uwanja kama mtu anayetazama ndani ya kisima, kisha akapita chini ya kamba akaenda. Hakukimbia. Wachezaji walimpisha. Mimi nilimfuata.

Walikuwa wamemgeuza chali. Damu ilishuka kutoka nyweleni ikajaa sikio. Gobnait alipiga magoti, akamtazama. Nasema alimtazama: paji, pua, ndevu changa, kovu la kidevuni ambalo hakujua limetoka wapi. Alimtazama kama mwenye njaa, na midomo yake ilikuwa ikitembea lakini sauti haikutoka. Nilijua baraka imemkwama, na ghafla mimi, niliyesoma, niliyeandika uzito wa maziwa kwa desimali, nilianza kuisema kwa sauti mbele ya watu wote.

Fineen akafumbua macho. Yalitafutatafuta, yakaufikia uso wa mama yake, na nikaona hofu ikiingia ndani yake, hofu ile ile ya nyumbani kwao, ikapita hata yale maumivu. Alijaribu kukohoa. Akainua mkono wenye damu na matope, akaufunika juu ya macho ya mama yake.

"Basi, Mama," alisema. "Geuka."

Naye hakuuondoa mkono ule. Alibaki amepiga magoti, macho yamefunikwa, damu ikimshuka shavuni, mpaka daktari wa uwanjani alipomshika Fineen kichwa, akamwuliza jina lake na siku ya leo, akaridhika. Alisema mfupa ni mzima. Alisema apelekwe nyumbani na achungwe usiku, asiachwe alale sana.

Walimpakia kwenye mkokoteni wa Humphrey, juu ya nyasi kavu, akiwa ameketi, kichwa kimefungwa shati la mtu. Jer alishika hatamu. Gobnait alikataa kupanda. Aliacha mkokoteni utangulie, ndipo akaanza kutembea, mimi kando yake.

"Nilimtazama kwa muda gani?" aliuliza.

"Si muda mrefu."

"Ulibariki? Nilikusikia au niliota?"

"Nilibariki."

"Wewe si mdomo wangu."

"Najua. Lakini nilibariki."

Njia ya kwetu inapanda moja kwa moja, haina kona mpaka juu kabisa, na mkokoteni ulikuwa wazi mbele yetu, na mwanawe ametupa mgongo, mabega mapana, ile nyekundu ya nywele imetokeza juu ya kitambaa. Gobnait alijaribu kutazama mawe ya njia. Alijaribu kutazama ukuta. Kila baada ya hatua chache macho yalimponyoka, akayafumba, akajikwaa.

"Siwezi," alisema. "Leo yamekataa. Jirani, tembea mbele yangu."

Nikapita mbele. Mimi ni mtu mwembamba, sizibi kitu. Nikafungua vifungo vya koti langu, nikashika pindo zake mbili, nikazitanua kwa mikono yote miwili. Nikapanda mlima hivyo, huku watu waliokuwa wakirudi kutoka uwanjani wakitupisha njiani, na nyuma yangu nikimsikia akihema na kubariki, akihema na kubariki, mpaka kwenye lango lao.